Mota ya feni inamaliza beringi na grisi tunapiga kila wiki, shida iko wapi?

kijana_wa_shifti:

Salaam wakubwa. Niko meintenansi kwenye kiwanda cha unga hapa Mombasa, jina naliacha. Tuna feni kubwa ya kunyonya vumbi, mota yake kilowati 75, mizunguko 1480 kwa dakika, beringi ya upande wa kapolingi ni 6316. Hii mota imetushinda jamani. Tunafunga beringi mpya, inakaa kidogo, inaanza kulia, joto linapanda, halafu inakwama saa nane za usiku na anayepigiwa simu ni mie. Supavaiza anasema hatupigi grisi ya kutosha, so hapa sheria ni kila Ijumaa asubuhi unazunguka na pampu unapiga mpaka uone imetoka. Na tunapiga wallahi, hakuna Ijumaa inayoruka. Beringi ya mwisho nilipoifungua grisi ilikuwa nyeusi, ngumu, ina harufu ya kuungua, na upande wa ndani wa mota grisi imejaa mpaka kwenye waya za koili. Meneja anasema tunauziwa beringi feki. Stoo nao wanasema dawa ni kuleta ile grisi ya bluu ya bei ghali badala ya hii nyekundu. Nani yuko sawa?

Alafu giaboksi ya eleveta ya ndoo (ile mashine ya kupandishia mahindi juu) oili yake imegeuka rangi ya chai ya maziwa, nayo naomba msaada ila kwanza mota.

mzee_wa_kreni:

Pole mwanangu. Mie nimekula miaka yangu kwenye kreni huko Kilindini na sisi ilikuwa hivohivo, piga mpaka itoke, na kreni zilikuwa zinabeba. Ukiacha pini kavu pale upepo wa kusi unakuletea chumvi, kutu inaanza na ukija kuishtukia pini haizunguki tena. Grisi ya zamani ikitoka nyeusi ikafuatiwa na mpya safi hapo ndo ujue umemaliza. Kwa hivyo huyo supavaiza wako simlaumu. Hilo la beringi feki angalieni sana, siku hizi boksi utadhani limetoka kiwandani kwenyewe, lakini chuma cha ndani ukikitazama wacha tu.

bi_viskositi:

Shikamoo mzee. Kwa kreni uko sawa mia kwa mia, na nafikiri ndiko hii sheria ya "mpaka itoke" ilikozaliwa. Pini, bushi, ile ringi kubwa ya kuzungushia kreni, vyote hivo vinaenda polepole, grisi ya ziada inatoka nje na ikikaa pale kwenye sili inazuia chumvi na vumbi. Ni vizuri itoke. Lakini mota hapana. Mota inazunguka 1480, ukijaza nyumba ya beringi mpaka juu vile vigololi havina pa kusukumia grisi, vinaikoroga muda wote, joto linapanda, oili inajitenga na ile sabuni inayoishikilia (grisi ni oili iliyoshikwa na sabuni, kazi ya kulainisha inafanywa na oili). Oili ikishakimbia inabaki sabuni kavu, inaungua, ndo hiyo nyeusi ngumu uliyoiona wewe kijana. Kwa maneno mengine beringi yako imekufa kwa kukosa mafuta huku imejaa grisi.

Na sasa jiulize ilipitaje mpaka kwenye koili. Pampu ya mkono ni kitu kidogo lakini inaweza kusukuma mpaka psi 10,000 (psi ni kipimo cha shinikizo), na sili ya mpira ya mdomo inaanza kushindwa kwenye psi 500 hivi. Grisi itapita palipo rahisi, na palipo rahisi pakiwa ndani ya mota itaingia ndani ya mota. Ile plagi ya chini ya kutolea grisi mnaifunguaga?

kijana_wa_shifti:

Plagi gani dada? Mie ninaona grisi ikichomoza kwenye shafti pale mbele ndo naacha. Ni kama pampu kumi na tano hivi.

bi_viskositi:

Basi tuhesabu, na hii hesabu mpelekee supavaiza bila kugombana naye. Kipimo cha kawaida cha kuongeza grisi ni kipenyo cha nje cha beringi mara upana wake, kwa milimita, mara 0.005, jibu unalipata kwa gramu. 6316 kipenyo cha nje ni 170 na upana ni 39, kwa hivyo 170 × 39 × 0.005 inakupa gramu 33. Hiyo ndo ya mara moja.

Sasa pampu yako inatoa gramu ngapi? Usiniambie unajua. Chukua mizani ndogo ya jikoni, weka kipande cha karatasi, piga mara kumi, soma, gawanya kwa kumi. Kila pampu ifanyiwe hivo na uandike kwa maka juu ya mwili wa pampu, maana mbili zinazofanana kwa macho zinaweza kutoa tofauti. Tuseme yako inatoa gramu 1.2. Pampu kumi na tano ni gramu 18 kila Ijumaa.

Halafu kila baada ya muda gani, hapo ndo kwenye kisa. Mota za ukubwa huo mara nyingi zina bamba dogo kando ya lile kubwa, linasema gramu ngapi na saa ngapi. Lifute vumbi ulisome. Wiki nzima ni saa 168 tu, hata kama mota haipumziki. Kama bamba linasema mathalan saa 4000, hiyo ni miezi mitano na nusu usiku na mchana. Katika hiyo miezi mitano na nusu nyinyi mmeingiza karibu gramu 430 pahali palipotaka 33. Mara kumi na tatu.

Saa za kwenye bamba ni za hali nzuri. Beringi ikifanya kazi juu ya nyuzi 70 punguza muda nusu kwa kila nyuzi 15 zinazozidi, na shafti ikiwa imesimama wima punguza nusu tena. Joto la Mombasa ni la kuhesabiwa, lakini hata ukipunguza nusu mara mbili hufiki Ijumaa kwa Ijumaa.

karatasi_ya_msasa:

Niongezee hapo kwa grisi ya rangi juu hiyo maneno ya stoo ndio itawaletea balaa ingine. Rangi ni rangi tu, wenye kutengeneza wanatia rangi ndio watu watofautishe, haikuambii ndani kuna nini. Nyekundu ya kampuni moja inaweza kuwa lithiamu kompleksi (hilo ni jina la kile kinachoishikilia oili) na nyekundu ya ingine ikawa kitu tofauti. Mota nyingi zinatoka kiwandani na grisi ya poliurea, yaani inayoshikiliwa na kitu kingine, ukija juu yake ukapiga lithiamu mara nyingi hazipatani, zikichanganyika zinaweza kulainika zikatiririka kama uji ama zikaganda, na huwezi jua ni gani mpaka beringi ilie. So kabla ununue hiyo bluu uliza ya kwanza ilikuwa nini, na kama unataka kuhama fungua, safisha yote, weka mpya. Usipige ya bluu juu ya nyekundu ati zitajipanga zenyewe.

Na kitu kingine nimeona sana hapa mjini. Beringi ikikufa usiku fundi anaenda dukani asubuhi anaambiwa 6316 iko lakini ni ya sili mbili, anachukua anafunga, alafu Ijumaa watu wanaendelea kupiga grisi. Hiyo grisi inaenda wapi na beringi imefungwa pande zote mbili? Haiingii. Inajaa kwenye nyumba, inapasha joto, inasukumana mpaka ndani ya mota. Beringi ya sili mbili imekuja na grisi yake ya maisha, ikifungwa, nipeli (kile kichuchu cha kuchomekea pampu) itolewe ama izibwe. Kijana angalia herufi za mwisho kwa ile beringi ya zamani, zimeandikwa pembeni.

mzee_wa_kreni:

Bi viskositi umenena, hapo kwenye mota nakubali. Lakini usimtie kijana uoga wa grisi akaacha kupiga kabisa. Hiyo feni yenyewe, siyo mota, feni, ina plama bloku mbili (zile nyumba za beringi zinazoshikilia shafti) nje kwenye vumbi la unga. Hizo ukizipa gramu mara mbili kwa mwaka vumbi litaingia. Unga ukichanganyika na unyevu wa hapa ni gundi, nishaona shafti imetafunwa mduara mzima.

bi_viskositi:

Hilo ni kweli mzee na nilikuwa nalijia. Plama bloku za nje kwenye vumbi zinataka kidogo kidogo na mara kwa mara, shafti ikiwa inazunguka, mpaka uone kikola chembamba cha grisi safi pale kwenye sili. Hicho kikola usikifute ati pasafi. Kinachofutwa ni mdomo wa nipeli KABLA hujachomeka pampu, na kitambaa kisafi siyo lile tambara la kufutia mikono. Nipeli ya kiwanda cha unga ina kofia ya vumbi juu yake, ukichomeka hivohivo umeusukuma ule unga moja kwa moja kwenye beringi. Vikofia vya plastiki vya kufunika nipeli ni pesa kidogo sana.

Na kwa kuwa shafti inazunguka, mkono usiingie ndani ya kinga. Vuta kapaipu kadogo kutoka nipeli mpaka nje ya kinga, ukijaze grisi kwanza usije ukasukumia beringi hewa.

Mota sasa, utaratibu wake. Fungua plagi ya chini, toboa ile grisi iliyokauka kwenye tundu (itakuwa imekauka, usitie bisibisi ndefu ukagusa beringi). Mota izunguke, piga polepole, gramu zako 33 ziishe, iache izunguke na plagi wazi saa moja mbili ya ziada itoke, ndo ufunge. Fuatilia joto la beringi. Litapanda kidogo mwanzo halafu lishuke baada ya masaa. Likikaa juu bila kushuka umezidisha. Wenye uwezo wana kifaa cha kusikiliza sauti za juu ambazo sikio halizipati, unapiga huku unasikiliza, kelele ikishuka unaacha. Kama hamna, gramu na saa zinatosha.

kijana_wa_shifti:

Aisee. Nimeenda kuangalia sai hivi. Bamba lipo! Lilipakwa rangi pamoja na mota yote, nimelikwangua. Linasema gramu 35 na saa zake ni maelfu. Plagi ya chini nayo ipo, imepakwa rangi vilevile, inaonekana haijawahi kufunguliwa tangu mota ifike hapa. Beringi ya zamani siyo ya sili, iko wazi, kwa hivyo hapo afadhali. Dada 33 yako na 35 ya bamba nifuate ipi?

bi_viskositi:

Bamba. Fomula ni ya pale bamba limepotea.

karatasi_ya_msasa:

😂 rangi. Kila kiwanda hapa mkaguzi akikaribia kuja watu wanapaka rangi kila kitu, mpaka glasi ya kuonea oili.

kijana_wa_shifti:

Ya glasi hata usiseme. Haya giaboksi sasa. Oili ni ya maziwa kabisa, tulibadilisha si zamani. Fundi mmoja anasema tuweke nzito zaidi, tutoke 220 twende 460 kwa sababu ya joto la hapa.

bi_viskositi:

Oili ya maziwa ni maji, haina mjadala mrefu. Uzito hauondoi maji. Ile 220 ni mnato wake ukipimwa kwenye nyuzi 40, aliyetengeneza giaboksi amechagua kwa mzigo na kasi yake, ukiruka mpaka 460 bila kumuuliza inakorogeka kwa shida, joto linazidi, na pembe za ndani zinazorushiwa oili zinaweza zisiipate wakati wa kuwasha asubuhi. Soma bamba tena (umeshajua pa kukwangua).

Swali ni maji yanaingilia wapi. Kuna njia tatu ninazozikuta hapa pwani kila siku. Ya kwanza mpira wa maji. Jumamosi usafi, mtu anashika mpira anapiga eleveta nzima, giaboksi ikiwa bado ya moto. Ikipigwa maji baridi hewa ya ndani inasinyaa, inavuta, na inavuta kilichoko pale kwenye kipumulio (tundu la kupitishia hewa) na kwenye sili, ambacho ni maji. Hata bila mpira, kila mashine ikizimwa jioni ikapoa inavuta hewa, na hewa ya Mombasa unaijua, nguo zenyewe hazikauki msimu wa mvua. Hiyo ndo njia ya pili. Toa kile kipumulio cha kofia ya chuma, weka cha chembe za silika jeli zinazonyonya unyevu. Zinabadilika rangi zikishiba, kuna za bluu zinazogeuka waridi, kuna za machungwa zinazogeuka kijani, inategemea aina, unaona kwa jicho tu kwamba wakati wa kubadilisha umefika.

Ya tatu ni stoo. Mapipa yenu yako wapi?

kijana_wa_shifti:

Nje nyuma ya ofisi, yamesimama. Kuna paa lakini halifiki yote.

bi_viskositi:

Hapo umenipata. Pipa la lita 208 likisimama wima juani, juu lina ukingo, mvua inatuama pale. Mchana linapata joto linapumua nje, usiku linapoa linavuta ndani, na inachovuta ni yale maji yaliyotuama juu ya vifuniko. Kifuniko ukikaza vipi bado litavuta. Kwa hivyo oili yenu inawezekana iliingia giaboksi ikiwa tayari na maji. Yaingizeni ndani. Ikishindikana yalazeni ubavu, vifuniko viwili vikae saa tatu na saa tisa kwa uso wa saa ya ukutani ili viwe chini ya oili, na juu turubai.

Kujua kama pipa lina maji, kuna kipimo cha kienyeji ambacho hata maabara wanakitumia. Bamba la chuma la moto, kama nyuzi 160, dondosha matone mawili ya oili. Ikitokota kwa kupasukapasuka, maji yapo. Ikitulia, kama yapo ni kidogo sana. Vaa miwani na usifanyie karibu na vumbi la unga, vumbi la unga hewani likipata moto linalipuka, hilo nalirudia kwa herufi kubwa kama itabidi.

mzee_wa_kreni:

Na chombo cha kutilia? Maana mie najua viwanda vya hapa, ni mtungi wa lita tano uliokatwa mdomo, jana ulikuwa na dizeli leo oili ya giaboksi kesho haidroliki.

kijana_wa_shifti:

Mzee umekuja hapa kwetu? 😅

bi_viskositi:

Yakhe huo mtungi uchomwe. Kila aina ya oili iwe na jagi lake lenye kifuniko na lebo, na lebo hiyohiyo ibandikwe kwenye giaboksi na kwenye pipa, hata asiyejua kusoma Kiingereza alinganishe alama. Na msidhani oili mpya ni safi kwa sababu ni mpya. Usafi wa oili unapimwa kwa namba za ISO 4406, unahesabu vichembe vya kuanzia maikroni 4, 6 na 14 ndani ya mililita moja, na kila namba ikipanda moja maana yake vichembe vimefika mara mbili. Oili ya pipa jipya mara nyingi ni chafu kuliko inavyotakiwa na haidroliki, kwa hivyo pitisha kwenye filta unapohamisha. Kwa giaboksi ya eleveta siyo lazima uwe mkali hivo lakini mtungi uliokatwa, hapana.

Ukitaka kupeleka sampuli maabara chukua mashine ikiwa inazunguka au imezimwa sasa hivi, kutoka katikati ya oili, siyo kwenye plagi ya chini. Pale chini unapata matope ya miaka yote na maabara watakutisha bure. Na kila mara pahali palepale.

karatasi_ya_msasa:

Hiyo ni kiwanda cha unga, so kumbukeni pale ambapo tone linaweza kuanguka kwa chakula grisi iwe ya daraja la H1, ile inayoruhusiwa kugusa chakula kwa bahati mbaya. Mota ya feni ya vumbi sawa, lakini beringi za juu ya eleveta ziko juu ya mahindi. Na H1 nazo zina sabuni tofautitofauti, ile habari ya kuchanganya inahusu pia.

kijana_wa_shifti:

Shukran sana wote. Nimemwonyesha supavaiza hesabu ya gramu 430, alinyamaza akachukua kalkuleta akapiga mwenyewe mara mbili. Amekubali tutoe mota kwenye ratiba ya Ijumaa, plama bloku zibaki. Maji ya Jumamosi itabidi meneja aseme. Sasa hiyo grisi iliyokwisha ingia kwenye koili tuiachie?

karatasi_ya_msasa:

Usiiachie, inashika vumbi na inazuia joto kutoka, na hiyo kitu ya kupaka waya inaweza kulainika. Beringi ikibadilishwa safari hii mota ifunguliwe yote, ipelekwe kwa watu wa kusuka mota waioshe na dawa yake (siyo petroli!), waikaushe kwa oveni, wapime insulesheni kabla irudi. Beringi agiza vile bamba linasema mpaka herufi za mwisho, kama imeandikwa C3 (maana yake nafasi ya ndani ya beringi ni kubwa kuliko ya kawaida) usikubali kupewa isiyo na C3 ati ni sawa tu.

chumvi_tele:

Samahani naingilia, mie niko upande wa chumvi huko Kilifi, hivi vipumulio vya silika jeli vinauzwa wapi? Vyetu vya chuma vimeoza.

bi_viskositi:

Maduka ya vifaa vya haidroliki. Nenda na kile kilichooza mkononi wapime uzi wake, na chagua chenye vali za kufungia hewa mashine ikiwa imezimwa, kwa hewa ya huko cha wazi kitashiba haraka mno.